Gari na Matope Yake

Gari huenda kwa fundi na matope yake. Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia Lugano asubuhi hii, alipomwona amejipaka mafuta na kuvaa viatu vipya aende zahanati, ilhali usiku kucha alikuwa akiugulia maumivu. Mkacheka, mkauliza gari limeingiaje hapo. Kaeni. Maneno haya yana mwenyewe, na yalimtoka hivi.

Ambokile alikuwa na pikapu kuukuu, ya zamani kuliko barabara yenyewe. Aliitumia kubebea viazi na, kwa kuwa halikuwapo gari jingine upande ule wa mlima, wagonjwa pia. Masika moja pikapu ilianza kumisi. Leo inakwenda vizuri, kesho inakohoa, inatetemeka, inapoteza nguvu katikati ya mlima na kuzimika. Kisha inapona yenyewe, kana kwamba inamtania.

Akaipeleka kwa Fundi Hezroni. Lakini kwanza aliiosha. Mkewe, Tusekile, hakukubali kitu cha nyumbani kwake kionekane kichafu mbele za watu, na Ambokile alikwisha kuambukizwa tabia hiyo. Akaosha bodi, akaosha na injini, akaiacha juani mpaka ikauke, ndipo akaiendesha hadi gereji. Kule iliunguruma kwa adabu zote. Hezroni alibadilisha plagi, akasafisha kabureta, akakwangua platini, akasikiliza, akamwambia gari halina ugonjwa. Mvua iliponyesha, ikazimika tena. Ikaoshwa tena, ikapelekwa tena, ikapona tena mlangoni kwa fundi. Majirani wakanong'ona kwamba kuna mkono wa mtu, na Ambokile, ambaye hakuwa mtu wa waganga, akajikuta anaanza kusadiki. Alichoka kuonekana mwongo.

Masika hayo hayo Tusekile alikuwa akiumwa tumbo. Ambokile alijua anaumwa, ila hakujua kiasi gani. Siku za kwenda kwa daktari, ng'ambo ya mlima, alimchemshia maji. Tusekile akaoga, akafunga kitenge chake kizuri, akaingia kwa daktari akitembea wima. Akarudi na vidonge.

Asubuhi moja ya mvua hakuweza kusimama. Ambokile alimlaza kwenye godoro nyuma ya pikapu, akamfunika turubai, wakaondoka. Katikati ya mlima gari likakohoa, likazimika. Alipita kijana wa bodaboda, lakini Tusekile hakuweza hata kuketi, seuze kupanda pikipiki. Ambokile akamtuma kijana akamlete Hezroni, akabaki ameshika mkono wa mkewe, akilitukana gari kimoyomoyo.

Hezroni alipofika, alimkataza Ambokile kufuta chochote. Alifungua boneti, akajifunika koti kichwani apate giza la kuonea cheche, akaagiza injini iwashwe. Ikashika kwa shida, ikitetemeka. Punde akatoa kichwa.

"Kaka, leo ndiyo mara ya kwanza kuliona gari hili."

"Nimekuletea mara ngapi, fundi?"

"Umeniletea lililooshwa. Bati la madigadi la kuzuia tope limeoza, tope linarukia waya wa plagi uliopasuka, moto wa umeme unavujia kwenye chuma badala ya kufika kwenye plagi. Wewe unaosha, unakausha, ugonjwa unaondoka, halafu unaniuliza linaumwa nini. Gari huenda kwa fundi na matope yake."

Akaupangusa waya, akauzungushia kipande cha mpira wa baiskeli. Kazi yote haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Pikapu ikapanda mlima bila kumisi, na Ambokile, kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze, akafurahi. Alimwambia mkewe kupitia kidirisha cha nyuma kwamba gari limepona. Tusekile akajibu kwamba amesikia.

Alifariki adhuhuri, kwa daktari. Ambokile alilia mbele ya daktari, akasema gari lake ndilo lililomuua, lingepona mapema angemuwahisha.

"Si gari, baba," daktari alisema. "Uvimbe huu ni wa siku nyingi. Kila alipokuja nilimuuliza, akanijibu, sijambo mwanangu, ni tumbo tu. Nikimtazama, ameoga, anacheka. Nikampa dawa ya tumbo. Maumivu yote haya alikuwa akiyaficha wapi?"



"Mimi ndiye niliyekuwa nikimchemshia maji," Ambokile alisema. Daktari hakuelewa. "Gari huenda kwa fundi na matope yake, daktari. Nimeambiwa leo asubuhi."

Jioni pikapu ilimrudisha Tusekile nyumbani. Ilipita kwenye matope yale yale na haikumisi popote. Ambokile alitamani izimike, asifike.

Basi, Lugano, vua viatu hivyo, uvae ndala zako. Daktari akikuuliza hali, usimwambie hujambo. Mwambie ulivyolala. Gari huenda kwa fundi na matope yake.