Mkeka wa Mize Asiyekaa

Hapo zamani, enzi ambazo mikeka ilishonwa kwa mkono na mtu alijulikana kwa mshono wake, palikuwa na mwanamke aliyeshindwa kukaa. Ninyi kaeni. Mwenye kigoda akae, asiye na kigoda akunje miguu hapo chini, na kila mmoja ashukuru kwamba anaweza, maana mwenzenu huyu hakuweza kwa miaka sita.

Jina lake Mize binti Shaame, wa mji wa Miyaani, na Miyaani kila mwanamke ni msusi. Kazi yao ni mbili. Kwanza wanasuka ukili, ule utepe mrefu wa majani, na ukili unaweza kuusuka hata ukitembea. Kisha wanaushona ukili kwa ukili mpaka utoke mkeka, na kushona lazima ukae kitako, miguu umeinyoosha, kazi imekulalia mapajani, asubuhi mpaka adhuhuri. Mize alikuwa hodari wa zote mbili. Aliolewa na Faki seremala, wakapendana, na mwaka wa kwanza akashona mikeka tisa.

Mwaka wa pili mwasho ukaanza.

Ulianza pale ambapo mwanamke hapataji hata mbele ya mama aliyemzaa. Mize akadhani ni joto, akaoga, ukazidi. Ngozi ikageuka nyeupe, ikawa nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, ikachanika kwa jambo dogo tu. Haja ndogo ikawa pilipili. Akikaa, anaruka. Akilala, anageuka, akigeuka, anainuka. Na mambo ya mume na mke, jamani, tusiseme mengi: alilia kwa maumivu, na Faki akadhani analia kwa kumchukia.

Basi Mize akawa mtu wa kutembea. Majani kwapani, vidole vinasuka, miguu inakwenda. Kutoka mlangoni mpaka kisimani, kutoka kisimani mpaka mlangoni. Akaenda, akarudi. Akaenda, akarudi. Ukili ukarefuka, akauviringisha, viringo likajaa chumba kimoja, likaingia cha pili, na wote ulikuwa ukili mmoja usiokatika popote. Lakini mkeka, hakuna hata mmoja. Watu wakamwita Mize Asiyekaa, na waliona wamebuni kitu cha maana sana.

Alitafuta dawa, msidhani hakutafuta. Akaenda kwa tabibu wa kwanza. "Uchafu," akasema yule bwana, hakuangalia, akampa sabuni kali. Akaenda kwa wa pili. "Jini," akasema, hakuangalia, akampa kombe, maji yaliyooshea aya, anywe. Akaenda kwa wa tatu. "Mumeo amekuletea maradhi ya nje," akasema, hakuangalia, akampa vidonge. Sabuni akaogea, kombe akanywa, vidonge akameza. Akaenda, akarudi. Mwasho ulimngoja mlangoni.

Ndipo akaenda kwa somo yake, Bi Riziki, mwanamke aliyemfunda kabla ya harusi. Miyaani, habari za sehemu ile zina mtu mmoja tu wa kuambiwa, naye ni somo. Si mama, si dada, na mavyaa, mama wa mume, ndiye wa mwisho kabisa. Somo naye ana kiapo. Alichoambiwa hakitoki kinywani mwake, na harusi ikishapita hamfunui tena mwari wake, yule aliyemfunda. Anasikiliza, anatoa dawa, basi.

Bi Riziki akasikiliza. Akatoa maji ya kunawia ya shabu, lile jiwe la kukazia ngozi, na karafuu za kujifukizia. "Patakazika, patakauka. Vumilia, mwanangu," akasema.

Mize akavumilia. Pakakauka kweli, pakakauka mpaka pakapasuka. Akarudi, Bi Riziki akaongeza shabu. Akarudi tena, akaongezewa mafusho. Hivyo hivyo, miaka minne.

Siku moja palikuwa na karamu ya harusi. Wanawake wamekaa mikekani wanakula, Mize amesimama na sahani yake, anahama mguu huu kwa mguu huu. Mwanamke mmoja, Mashavu, mwenye domo kama jina lake, akapaza sauti: "Mize, hebu tuambie, hayo makalio yako yamekatazwa na nani?" Wakacheka mpaka wali ukawapalia.

Mize alitaka ardhi immeze. Haikummeza, basi akakasirika. "Nisikilizeni! Atakayenikalisha kitako nikashona, nitamshonea mkeka wa ukili wangu wote. Mkeka mmoja, mtu mmoja. Hiyo ni nadhiri."

Kicheko kikakatika. Mkeka wa nadhiri Miyaani haufanyiwi mzaha. Aliyepewa hukaa mbele katika kila shughuli mpaka siku ya kufa kwake, na hakuna wa kumnyooshea kidole. Na huo wa Mize usingegawanyika, kwa kuwa ukili mmoja ukiukata popote unafumuka wote.

Mavyaa wake, Bi Time, alikuwa amesimama karibu na mlango, sahani mkononi. Hakucheka.

Mwaka wa sita wa mwasho ukaingia. Wanaume wakamkalia Faki barazani. "Mke gani huyu? Hana mtoto, hana mkeka, anazurura mchana kutwa. Muache, bwana, uoe mwingine." Faki akaweka chini kikombe cha kahawa. "Kasoro si yake," akasema. "Ni mimi. Sina nguvu za kiume." Mmoja akasema, "Kumbe jogoo hawiki!" Tangu siku hiyo hata vitoto viliwika vikipita mbele ya karakana yake.

Mize alizipata habari kisimani. Akarudi mbio na ndoo tupu.

"Umesema nini barazani?"

"Nimesema nilichosema."

"Uongo!"

"Ni uongo wangu, mke wangu, nimeusema mimi. Sasa wewe niambie kweli. Panauma wapi?"

Miaka sita. Sabuni, kombe, vidonge, shabu, na hakuna aliyeuliza wapi. Mize alikasirika kabla hajalia. Mbona leo? Mbona si mwaka ule wa kwanza wa mwasho, Faki alipokuwa akichukua mto wake na kwenda kununa karakanani? Lakini alimwambia. Alimwambia huku anatembea, kutoka dirishani mpaka mlangoni, na Faki alimfuata kwa macho tu.

Alipomaliza, Faki akavaa kofia, akaenda mpaka mlango wa Bi Riziki, mlango usiopigwa hodi na mwanamume.

"Hodi."

"Mwanamume hapigi hodi hapa."

"Leo anapiga, bibi. Namtaka Mize aangaliwe. Usimfukize, usimpe kitu. Muangalie tu, kwa macho yako."

Bi Riziki alimtukana, akamfungia mlango, akakaa ndani na maneno yale. Kesho yake akaja mwenyewe. Akafungua dirisha mwanga uingie, akamlaza mwari wake, akamfunua, akaangalia. Mize akakazia macho boriti za dari. Alijuta kuzaliwa.

"Sijui," akasema Bi Riziki.

"Nini?"

"Sijui haya ni maradhi gani. Nimefunda wari arobaini, na sijui. Uchafu si uchafu, na uzinzi si uzinzi. Na shabu yangu ndiyo iliyokuwa ikikuchoma, hilo nalijua, ninaliona hapa." Akaanza kulia. Mize alitaka kumpiga kofi na alitaka kumkumbatia, yote mawili kwa mkono mmoja.

Bi Riziki hakuishia hapo. Alikwenda kwenye kikao cha makungwi wa mji mzima, wafundaji wenzake, akasimama katikati. "Nina mwari," akasema, "ngozi yake ya siri imegeuka nyeupe na inachanika. Mimi sijui. Nani kati yenu anajua?"

Wakaruka kama waliomwagiwa maji moto. Ametoa siri! Ametoa siri ya mwari! Hawakujibu swali. Wakamnyang'anya ngoma yake ya kufundia, ngoma aliyoachiwa na bibi yake, wakamtoa, na tangu hapo hakufunda tena. Na kwa kuwa mji ulimjua mwanamke mmoja tu asiyekaa, kufika alasiri kila mtu alijua Mize anaumwa wapi. Mize akafunga milango. Akaenda, akarudi, ndani ya chumba kilichojaa ukili, na aibu ilimwasha kuliko ngozi.

Asubuhi, hodi. Bi Time, mavyaa wake.

"Karibu, mama. Shikamoo. Ukae."

"Marahaba. Sikai." Bi Time akaegemea mlango. "Na mimi ninayo."

"Una nini, mama?"

"Hayo yako. Tangu nilipomzaa mumeo, miaka thelathini na tatu. Ulipoanza kutembea, mwanangu, niliujua mwendo. Siku ya kwanza tu niliujua."

Mize akasimama, kwa mara ya kwanza miguu yake ikatulia. "Ukanyamaza."

"Mavyaa hazungumzi na mkamwana mambo hayo. Ningeanzaje?"

"Ungeanza hivi ulivyoanza leo!"

Bi Time akatoa kichupa cha mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe. "Maji matupu ya baridi. Sabuni usiisogeze. Shabu katupe, mafusho katupe. Paka haya asubuhi na jioni. Ndani uvae kitambaa kikuukuu cha pamba, kilichokwisha kulainika. Na mumeo asikuguse mpaka useme wewe. Hapaponi, mwanangu, sikudanganyi. Panatulia tu, kisha siku nyingine panaamka."

"Na maradhi yenyewe yanaitwaje?"

"Sijawahi kukutana na anayejua jina lake."

Siku arobaini zikapita. Siku ya arobaini na tatu, asubuhi, Mize alijishusha sakafuni polepole, akanyoosha miguu, akangoja. Maumivu yakaja, madogo. Akangoja tena, nayo hayakukua. Akaishika shazia, sindano kubwa ya kushonea mikeka, akatoboa pindo la kwanza, akavuta uzi. Faki alimkuta adhuhuri bado amekaa, uso umelowa machozi.

Alishona miezi saba, maana kuna siku ambazo mwasho uliamka akarudi kutembea. Mkeka ulipokwisha ulienea ua mzima, mwekundu na mweusi. Watu wakaitwa. Mize akautandika, akakaa katikati yake, na watatu waliomsaidia, Faki, Bi Riziki na Bi Time, wakasimama ukingoni.

Bi Riziki akasema: "Mize, sitaki mkeka wa kulalia. Nataka nafasi yangu. Nilivunja kiapo kwa ajili yako, ngoma yangu ikachukuliwa. Nikipewa huu, nitakaa mbele na hawatanifukuza tena. Mimi ndiye niliyeangalia, mimi ndiye niliyeuliza."

Faki akasema: "Na ungeangalia lini, bibi, kama nisingepiga hodi? Mimi nimeuza jina langu ili Mize asitoke nyumbani kwangu. Mpaka leo watoto wananiwikia. Nikipewa mkeka huu, nao watanyamaza."

Bi Time akasema: "Mwanangu, ulikaa na mwanamke anayelia, miaka sita usimuulize panauma wapi. Nadhiri ilisema atakayemkalisha. Nani amemkalisha? Mafuta ni ya nani? Miaka thelathini na tatu nimesimama milangoni kwenye harusi za watu, sahani mkononi. Nimezeeka. Nataka kukaa mbele kabla sijafa."

Bi Riziki akamgeukia. "Na wewe ungesema lini, kama mimi nisingesema?"



Umati ukawaka. Wengine huku, wengine kule. Ndipo ikasikika sauti ya Mashavu, yule yule wa karamuni, safari hii bila kicheko: "Mkeka ni wake mwenyewe. Nani mwingine ameutembea ukili huo?" Mzee mmoja akamkatiza: "Nadhiri ni nadhiri. Akijipa mwenyewe, ameivunja mbele ya mji mzima, na nani atamwamini tena?"

Mize akawatazama watatu wake, mmoja mmoja. Bila huyu asingeulizwa, bila yule asingeangaliwa, bila mwingine asingekaa. Na huyu alimnunia, na yule alimchoma, na mwingine aliujua mwendo wake akauacha uendelee miaka yote ile. Aliwapenda, na alikuwa na hasira nao, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kilichokuwa tayari kumpisha mwenzake.

Pale chini, mwasho ukagutuka kidogo, kama unaouliza kama yupo. Mize akajisogeza, akanyoosha mguu, ukatulia. Jua lilikuwa zuri na mkeka ulikuwa laini. Tangu asubuhi alikuwa amekaa hapo, na mkeka hautolewi mpaka aliyeukalia ainuke.

Basi mpaka sasa hajainuka. Wale watatu wamesimama ukingoni, mji mzima unangoja, na mimi nimeulizwa nikashindwa. Ninyi mliokaa hapa raha mustarehe, ninyi ndio mniambie: je, Mize ainuke kwa ajili ya nani?