Ukuta wa Jikoni

Kaeni vizuri, na mwenye shughuli aondoke sasa hivi. Hadithi hii nitawaingiza mimi, ila kutoka mtatoka wenyewe.

Ngamiani, mjini Tanga, palikuwa na nyumba iliyotaka kuongezwa vyumba, na kwa ajili yake walikutana watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Hoyce Mndolwa, msanifu majengo. Wewe ukiingia kwenye nyumba unaona ukuta na kalenda. Hoyce akiingia anaona uzito unavyoshuka kutoka juu, unapita wapi, umeegemea nini. Watu walimwita injinia, naye kila siku akisema, "Jamani, mimi ni msanifu," na kesho yake wakamwita injinia tena.

Wa pili ni Fundi Semkiwa, mwashi. Ramani kwake ilikuwa karatasi ya kuwaonyesha watu wa manispaa. Lakini mikono yake! Akiweka kiganja ukutani alikuwa akikwambia ufa utapita wapi mwakani, na akishika kitu, basi kimeshikwa.

Wa tatu ni Bi Mwajabu, mpangaji wa chumba cha nyuma kwa miaka thelathini na miwili. Yeye kipaji chake kilikuwa kukumbuka. Bati lipi lilivuja masika ya mwaka gani, nani alinuniana na nani kwa sababu ya sufuria, yote alikuwa nayo kichwani. Hakusahau kitu, na kusamehe kwake kulichukua muda.

Mwenye nyumba aliitwa Mwantumu. Alikuwa na mama yake mzazi, Bi Zamoyoni, mwenye nyonga mbovu, na hakuna kilichomuuma Mwantumu kama kumwona mama yake akivuka uani kwa mkongojo kwenda chooni. Ndiyo maana alimwita Hoyce. Ramani ikatoka na choo cha ndani, jiko jipya, na mbele, upande wa barabara, fremu moja ya duka. Ilimfurahisha kila mtu isipokuwa mmoja. Choo cha ndani kiliangukia kwenye chumba cha Bi Mwajabu, naye akaambiwa ahame mwisho wa mwezi. Tangu siku hiyo hakumwitikia mtu salamu.

Sasa hapa fungueni masikio. Katika nyumba ile vyumba viliitwa kwa majina ya zamani. Chumba alicholala Bi Zamoyoni kiliitwa jikoni, kwa sababu bibi yake Mwantumu alipikia humo enzi zake. Moto haukuwashwa mle kwa miaka thelathini, lakini jina halikutoka. Kwenye ramani ya Hoyce, jikoni palikuwa kwingine kabisa, palikuwa ile stoo ya nyuma, ambayo ndiyo ingekuwa jiko jipya.

Siku ya kuanza kubomoa, Hoyce alipaswa kuwepo. Hakuwepo, alikuwa Chumbageni kwa mteja mwingine, akapiga simu.

"Dada Mwantumu, mwambie fundi aanze na ukuta wa jikoni, ile stoo ya sasa. Mimi nakuja kabla ya saa saba."

Mwantumu alikuwa anageuza chapati, na ya chini ilishaanza kuungua. Akapaza sauti kupitia dirishani: "Fundi! Injinia anasema uanze na ukuta wa jikoni!"

Yale maneno manne, *ile stoo ya sasa*, hakuyasema. Hakukusudia kuyaacha, lakini aliyaacha.

Fundi Semkiwa alikuwa na ramani mfukoni, imekunjwa vizuri, wala hakuifungua. Ya nini? Jikoni anakujua, kila mtu anakujua. Bi Zamoyoni alishahamishiwa chumba cha mbele kwa sababu ya vumbi. Fundi akazunguka uani, akainua nyundo, akaanza kuutoboa ukuta wa nje wa kile chumba.

Bi Mwajabu alikuwa chumbani kwake, kinachopakana na kile, mlango umefungwa. Alisikia nyundo na alijua ni ukuta gani, na alikumbuka kwamba juu ya ukuta ule marehemu baba yake Mwantumu alimwaga boriti ya zege, kutoka hapo mpaka juu ya mlango, ibebe tangi la maji. Mwenyewe alikuja kukiri baadaye. Alikaa kitandani, akasema moyoni, "Wabomoe. Si nyumba yao?"

Na Bi Zamoyoni naye, kile chumba cha mbele kilimshinda. Kabla nyundo haijatoboa ukuta alirudi kimyakimya chumbani kwake, akidhani kazi iko stoo, akafunga mlango kwa ndani, akavua nguo ajipake dawa nyongani. Hakuna aliyemwona.

Saa sita na robo Mwantumu alisikia kishindo, akadhani lori limemwaga kokoto. Kisha akasikia sauti ya mama yake.

"Mwantumu! Mwanangu, dari inashuka!"

Alikimbia mpaka mlangoni akausukuma, usisogee. Boriti ilikuwa imepinda na kuukalia mlango kwa juu. Akazunguka uani. Pale kwenye tundu, Fundi Semkiwa alisimama na nyundo mkononi, uso umempauka. Matofali yaliyobaki ndiyo yaliyokuwa yameishika boriti upande ule, na kila moja lililolegea liliishusha kidogo. Mwantumu alirudi ukumbini mbio. Majirani walishajaa, na mbele yao wote alipiga kelele: "Wallahi, atakayenitolea mama yangu akiwa hai, fremu ya mbele ni yake! Yake moja kwa moja!"

Mmesikia? Atakayenitolea. Hakusema watakaonitolea.

Wanaume wanne walikuwa wameshainua benchi wauvunje mlango, ndipo Hoyce aliposhuka kwenye bodaboda. Alikuwa amepiga simu njiani, akaambiwa wanabomoa kwa Bi Zamoyoni. Alijitupa mbele ya benchi, akatanua mikono. "Msiuguse! Huu mlango ndio uliobeba dari!" Akaamuru mabomba yote yafunguliwe, tangi limwage maji lipungue uzito. Akaenda uani, akatazama juu, akapiga alama mbili za chaki. "Egemezeni hapa na hapa. Mkiegemeza kwingine inaanguka." Kama si Hoyce, lile benchi lingemuua Bi Zamoyoni kabla maji hayajaanza kutoka.

Chaki zimepigwa, lakini nani aingie chini ya boriti? Fundi Semkiwa alichukua mirunda miwili, ile miti ya kuegemezea zege, akainama, akaingia kwenye lile tundu, uso ameugeuzia pembeni kwa heshima ya mama wa watu. Mrunda wa kwanza ulikaa. Wa pili ulipungua vidole vinne. Aliweka tofali juu yake, likapasuka. Basi akaweka bega. "Nimeshika," alisema. Aliendelea kusema hivyo kwa dakika ishirini, na kila mara sauti ilikuwa ndogo zaidi. Kama si Semkiwa, zile alama za chaki zingebaki kuwa chaki.

Dari imeshikwa, lakini mama atapita wapi? Mlango haufunguki, na tundu la uani limejaa miti na mtu. Hapo Bi Mwajabu alifungua chumba chake. "Nyuma ya kabati langu kuna mlango," alisema. "Ulizibwa kwa udongo mtupu, wewe Mwantumu ulikuwa darasa la pili." Kabati likasukumwa, udongo ukachimbwa, mwanga wa upande wa pili ukaonekana. Na sauti ya Bi Zamoyoni ikasema: "Sitoki. Sina nguo, na hao wanaume wamejaa hapo."

"Mama, toka utakufa!" Mwantumu alilia.

"Nitakufa na stara yangu."

Bi Mwajabu hakubishana naye. Alivua baibui lake, akabaki na gauni, akatambaa ndani chini ya dari ile iliyokuwa ikilia, akamvika Bi Zamoyoni, akamkumbatia, akarudi naye kinyumenyume. Kama si Mwajabu, Semkiwa angeshikilia mpaka achoke, na wote wawili wangefukiwa.

Mtu alimpigia Semkiwa kelele atoke. Alipochomoa bega boriti ilishuka, ikamvunja mfupa wa mtulinga, na chumba chote kikawa kifusi.

Siku ya nne walikaa ukumbini. Majirani nao walikuja, maana nadhiri waliisikia.

"Mimi naihitaji ile fremu, sitaficha," Hoyce alisema. "Nachorea ramani kitandani kwa shangazi yangu. Na bila mimi mngevunja mlango."

"Mimi sitapanda tena ngazi kwa bega hili," alisema Semkiwa. "Nikipata fremu nauza vifaa, watoto wanakula."

"Nyie mna kwenu," alisema Bi Mwajabu. "Mimi mwisho wa mwezi naenda wapi? Na nani alimshika mkono akamtoa? Neno lilikuwa kutoa."

Maneno yakapanda. Semkiwa akamwambia Bi Mwajabu kwamba alisikia nyundo akanyamaza, naye hakukataa, aliinamisha kichwa. Bi Mwajabu akamwambia Semkiwa kwamba ramani ilikuwa mfukoni mwake. Wote wawili wakamgeukia Hoyce aliyetuma neno kwa simu badala ya kuja. Hoyce akashusha pumzi.

"Nimejiuliza siku tatu," alisema. "Nilisema ukuta wa jikoni. Sikumbuki kama nilitaja stoo. Nadhani sikutaja. Kosa lililoanzisha yote ni langu, siwezi kudai kitu."

Majirani wakatikisa vichwa, wakaona yule basi ameshajitoa. Mwantumu yeye alikuwa akikumbuka vizuri sana. Akiyasema yale maneno manne, Hoyce anasafika mbele ya watu, na mama yake atajua ni mwanawe aliyekaribia kumfukia. Asiposema, msichana wa watu ataondoka na kosa ambalo si lake, na mji huu hautampa nyumba nyingine ya kuchora.

Bi Zamoyoni, ameegemea mto, alimgusa goti. "Mwanangu, nadhiri umeiweka kwa mdomo wako. Watu wanasubiri."

Mwantumu akasimama.

Mimi nimemwacha hapo hapo amesimama, msinitazame. Fremu ni moja, na nadhiri haigawanyiki mara tatu. Yuko aliyejua, yuko aliyebeba, yuko aliyekumbuka. Mtoe mmoja wao, na Bi Zamoyoni tungekuwa tumemzika. Haya, wewe uliyekaa hapo mbele, ungempa nani? Na kabla hujataja jina, mama yako akiwa anakutazama, ungeanza kwa kusema nini?