Sikudhani na Yai la Kiota

Hapo zamani za kale, zamani ambayo hata bibi yake bibi yangu aliisikia kwa jirani, wanyama walikuwa na nyumba, na majiko, na wakwe, na maneno ya wakwe. Sogeeni. Wewe mwenye muhogo mdomoni, meza kwanza, maana huku mbele kuna kumezana.

Katika mji wa Mavumbini aliolewa mtetea mmoja kijana, jina lake Sikudhani. Aliletwa kutoka mbali ndani ya tenga, bila mama, bila shangazi, bila hata somo wa kumnong'oneza mambo ya ukubwa. Lakini kutaga alijua. Kila asubuhi, ko-ko-ko-kodeee, mji mzima unajua Sikudhani kamaliza kazi.

Mara kimya. Siku zikapita, hakuna ko wala dee.

Kimya hicho kilikuwa na kisu ndani yake. Mtawala wa Mavumbini alikuwa Jumbe Fisi, naye alikula kiapo, kitu pekee alichowahi kula bila kutafuna: hatamgusa kuku anayetaga. Kuku asiyetaga, kiapo hakimhusu. Baraza la kumhukumu Sikudhani liliwekwa Ijumaa, na nyumbani kwa Jumbe kulishaanza kusikika twa, twa, twa. Mkewe anatwanga viungo.

Kinu hicho kilimkosesha raha mmoja tu, naye ni Chepe.

Chepe alikuwa mjusi, yule mdogo wa ukutani, ambaye ukimtazama kwa haraka unadhani ni ufa. Aliishi juu ya jiko la Sikudhani. Siku moja ya kiangazi aliteleza kutoka darini, pwa, akatua mbele ya mdomo wa mwenye nyumba. Mdomo ukafunga.

"Dada," Chepe akasema kutoka mle mle ndani, "kabla hujameza, fikiri. Mimi ni ngozi na wasiwasi tu. Utachoka bure."

Sikudhani akacheka, na kuku akicheka mdomo hufunguka. Chepe akatoka mbio, mkia ukabaki. Asubuhi yake akarudi mwenyewe, akasimama mbali kidogo.

"Nimekuja kushukuru, dada. Mkia utaota. Roho isingeota."

"Panda ukutani kwako," Sikudhani akamjibu. "Nyumba isiyo na mjusi, mbu hupangisha vyumba."

Tangu siku hiyo Chepe hakunywa umande kabla ya kumwamkia dada yake. Sasa mnaelewa kwa nini kinu cha Jumbe kilimtwanga moyoni.

Akashuka jikoni. Akamkuta Sikudhani analia, pua nyekundu.

"Dada, usilie. Baraza bado."

"Silii kwa ajili ya baraza. Ni pilipili. Bi Bata kasema nile pilipili ndipo nitage. Jana Bi Kanga kanifukiza udi mpaka nikapiga chafya nikadondoka juu ya kinu."

"Na yai?"

"Limetoka kamasi tu, Chepe."

 Chepe akatambaa hadi kwenye kiota, akaingia, akakaa katikati kama mgeni rasmi. Akatazama kushoto, majani. Akatazama kulia, majani. Akajisikia mpweke ghafla, na yeye si kuku.

"Dada, yai la kiota liko wapi?"

"Yai la kiota ndiyo nini?"

Jamani. Chepe alizaliwa ukutani, na maisha yake yote alitazama kuku wakitaga chini yake. Mayai huokotwa, lakini moja huachwa. Kuku akiliona anajua hapa ni kwake, moyo unatulia, analifuatishia lingine. Akikuta kiota kitupu kila siku, moyo unaingia baridi, na tumbo linafunga duka. Jambo hilo kila mama wa kuku humwambia binti yake. Na Sikudhani, kumbukeni, alikuja kwenye tenga peke yake.

"Nani anayeokota mayai yako?"

"Mjomba Kenge. Ndiye mlinzi wa viota. Mimi nikienda kuchakura, yeye anayapeleka ghalani kwa Jumbe. Alinifundisha kwamba mtetea mwenye adabu haachi kitu kiotani, hata kimoja."

"Mjomba Kenge mwenye kile kitambi?"

"Anasema ni ugonjwa, maskini."

Chepe akakuna shingo. Kumbe mlafi alikula mpaka lile yai linaloyaita mengine. Kakata mti aliopanda, sasa anashangaa yuko chini.

"Dada, naomba siku zilizobaki. Na usile pilipili tena."

Nyuma ya nyumba palikuwa na mtambaa wa vibuyu, vile vidogo vilivyokauka, ukubwa wa yai, mbegu ndani zinalia chaka-chaka. Chepe akaangusha viwili, akavisukuma kwa kichwa, akavigaragaza kwenye chokaa hadi vikawa vyeupe pepe. Kimoja akakificha ndani ya tenga kuukuu pembeni ya jiko. "Hiki ndicho chako, dada. Lala hapa, kitazame, zoeana nacho." Cha pili akakiweka kwenye kiota cha zamani, akapanda darini kusubiri.

Haukupita muda, kwata, kwata, kwata, Mjomba Kenge huyo, kakonda mashavu. Kukosa mayai kulimuumiza kuliko Jumbe alivyoumizwa na kiapo. Akachungulia. Macho yakamtoka.

"Alhamdulillahi," akanong'ona.

Akaligusa. Chaka.

"Lina kifaranga, na kifaranga kinacheza," akajiambia. "Chakula na kitoweo chake." Gulp. Kenge hatafuni, mnajua. Kikateremka kizima kizima, kikakaa.

Ijumaa ikafika. Sikudhani bado hajataga. Ndiyo, msinitazame hivyo, hata Chepe hakulala. Moyo ulioingia baridi hauwashwi kama kuni. Walipokuja kumchukua alikuwa ndani ya tenga, kalalia kibuyu chake.

"Nibebeni humu humu," akasema. "Nililetwa kwa tenga, nitaondoka kwa tenga."

Wakambeba. Chepe akajishikiza kwenye ukingo.

Barazani, Jumbe Fisi kakaa kwenye kiti, kitambaa shingoni, udenda unamtangulia kuhukumu. Akaingia Mjomba Kenge kutoa ushahidi. Alitembea polepole, tumbo kalikumbatia kwa mikono miwili kama amebeba mtungi wa watu.

Chaka.

Baraza likageuka.

"Kenge," Jumbe akasema, "umekuja na ngoma?"

"Ni magoti, Jumbe wetu. Uzee huu."

"Magoti yako yako tumboni?"

"Yamepanda, Jumbe. Kwa baridi."

Chepe akaruka juu ya tenga. "Jumbe wetu, mimi mdogo sina la kusema, nina la kuuliza tu. Aliyeukosesha mji mayai, ndiye kitoweo?"

Fisi akamtazama Sikudhani kuanzia kishungi hadi mapaja, akachelewa sana mapajani. "Ndiye. Baraza zima shahidi. Viungo vimeshatwangwa, siwezi kumvunja moyo mke wangu."

"Basi na mjomba aape hajala yai la mtu."

Kenge akainua mkono. Kosa. Mkono ulioinuliwa ndio uliokuwa umeshika tumbo. "Naapa, sijawahi kuonja wala kume-" Kwikwi ikamshika. Kwi, chaka. Kwi, chaka-chaka. Bi Bata, ambaye hakosi ngoma, akaanza kutikisa mabega.

"Mjomba," Chepe akasema kwa upole, "magoti yako yanacheza vizuri. Dada, hebu nipe chako."

Akakiviringisha kibuyu nje ya tenga. Chaka-chaka, sauti ile ile, ndugu wa tumbo moja, isipokuwa mmoja yuko ndani ya tumbo lisilo lake.

"Hiki nimekipaka chokaa mwenyewe. Ndugu yake nilimwacha kiotani kwa dada Sikudhani. Mayai yote ya kabla yake yalipita njia hiyo hiyo. Mjomba alidai anayapeleka ghalani kwako, Jumbe."

"Ghala lipi?" Fisi akauliza. Kisha akaelewa, na uso ukamkunjamana. "Yaani mimi nalala na njaa, na kiapo juu, na wewe unakula mayai kwa jina langu?"

Pale pale, kutoka ndani ya tenga, kikasikika kitu.

Ko.

Kila shingo ikageukia tenga, hata kwikwi ya Kenge ikakatika.

Ko-ko. Ko-ko-ko-kodeeee.

Sikudhani akasimama, manyoya yamemvurugika, macho yamejaa maji, na safari hii si pilipili. Chini yake yai, la moto, lina doa moja la kahawia. Sasa alikuwa kuku anayetaga, mbele ya baraza zima, na kiapo kikamfunika kama mwavuli.

Jumbe akageuka kumtafuta Kenge. Kenge alishaondoka. Walisikia tu chaka-chaka-chaka inateremka mtoni, na Fisi nyuma yake na kitambaa shingoni, mkono mtupu, harufu tamu puani. Kenge akajitosa, chubwi, na hadi leo hukaa karibu na maji, asikie nyayo ajitose tena. Fisi hakumpata. Alirudi jioni akala viungo vitupu, na mkewe akamwambia vimekolea.

Nyumbani, Sikudhani aliliweka yai kiotani, akaliacha palepale.

"Chepe, nikushukuru vipi?"

"Hujui kuhesabu, dada? Mimi ndiye ninayeshukuru. Ile siku mdomo ulifunguka, na hukuufunga tena."

Sikudhani akacheka. Chepe, kwa mazoea, akasogea mbali kidogo, akageuza mgongo kumwonyesha: mkia ulikuwa umeshaota.

Hadithi ndiyo hiyo, imetaga na kuondoka. Nanyi shikeni hili moja: wema hauozi, hata ukimtendea kiumbe wa kuenea mdomoni mwako.