Ndege ya Tumwidike na Kamba ya Ng'ombe

Kabla ya kuamsha pua, funga mkia.

Mmeisikia leo mashineni, msaga unga akimfokea kijana wake, mkarudi mnacheka na kuuliza ni pua ya nani na mkia wa nani. Kaeni basi, mwache kugombania kigoda. Methali hii ilianzia uani kwa watu, tena kwa kelele, na ilianza hivi.

Kule Mafinga, kwenye baridi na misitu ya mipaini, aliishi mama mmoja mwenye hofu nyingi. Watu walimwita Mama Tumwidike, kwa jina la binti yake. Binti mwenyewe alikuwa mtu mzima, seremala, na mikono yake ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Ukitaka kabati lisilolia mlango, unakwenda kwa Tumwidike. Mama yake kila akiitazama ile mikono alimshukuru Mungu, halafu hapohapo akaanza kuiogopea.

Mwaka huo Tumwidike alichonga ndege. Haikuwa ya kupanda mtu, ilikuwa ya kuongozwa kwa rimoti kutoka chini, lakini kubwa hasa: mabawa yake hayakupita mlangoni mpaka yafunguliwe. Alitaka iruke siku ya sikukuu ya mavuno na kuwamwagia watu maua. Tabu ilikuwa injini. Ile ya betri aliyoanza nayo iliisukuma ndege hadi bandani kwa kuku, ikachoka, jogoo akaipanda mgongoni na kuwika.

"Hii inataka petroli," Tumwidike akasema. "Namwita mjomba."

Mjomba ndiye Alatanga, mdogo wake Mama Tumwidike, fundi wa chenso, ile misumeno ya injini inayoangusha miti. Alikuwa na vidole tisa. Cha kumi kilibaki msituni.

Alatanga akaja na injini ya chenso iliyozeeka, akaivua mnyororo, akaivua na klachi, akalifunga pangaboi la mbao moja kwa moja kwenye chuma kinachozunguka. Tumwidike akaung'oa ubao wa puani, akaweka mwingine mgumu, na vipande vya mpira katikati ili mtetemo usilegeze skrubu. Pua sasa ikawa nzito, ndege ikainama kama kuku anayedonoa. Wakaisogeza nyuma ile betri ya rimoti iliyomo ndani ya ndege, wakaisogeza tena, mpaka ndege ikakaa sawa ikiinuliwa kwa ncha za vidole. Hapo mjomba na mpwa wakacheza uani kama waliopata mtoto.

Mama Tumwidike hakucheza. Alitoka zizini na kamba ya ng'ombe, akapiga fundo mkiani kwa ndege, upande wa pili akauzungusha kwenye kisiki cha mpaini.

"Dada, unafanya nini?" Alatanga akauliza.

"Nafunga."

"Unafunga ndege? Itakula mahindi ya watu?"

Jirani yao, Baba Komba, alikuwa ameshajaa ukutani, kidevu juu ya tofali. Huyo alikuwa Mngoni, mtani wao, na mtani hukosi kumwona palipo na kichekesho. "Wahehe bwana!" akasema. "Ardhi imewashinda, sasa mnaitaka mbingu, na mbingu yenyewe mnaifunga kamba!"

"Nyamaza, Mngoni wewe," mama akamrudishia. "Ikianguka itachagua bati lako."

Tumwidike akaona aibu. "Mama, jamani, ifungue. Mjomba anajua injini tangu sijazaliwa."

"Mjomba wako ana vidole tisa," mama akajibu. "Mimi nina kumi, na wewe una kumi. Hicho kitu kina nguvu na hakijui jina la mtu. Kamba haitoki."

Alatanga akacheka, akampigapiga dada yake begani. "Sikiliza, dada. Injini hii ikinguruma bila kukandamizwa mafuta, haiendi popote. Itakaa hapa inapumua tu. Nimewasha maelfu."

Na wanangu, hakuwa anadanganya. Chenso ikinguruma polepole, mnyororo hutulia tuli, kwa sababu klachi imeuachia. Ndivyo mikono yake ilivyozoea. Alisahau kwamba klachi aliitoa yeye mwenyewe, ikawa inalala kwenye kopo la misumari. Na kwa kuwa asubuhi ilikuwa ya baridi, akaifungulia injini mafuta kidogo zaidi, kama wafanyavyo msituni.

Tumwidike akachuchumaa mbele ya pua. Akalizungusha pangaboi kwa mkono. Kimya. Akazungusha tena. Injini ikakohoa, ikatoa moshi, halafu, ngwarrr!

Ndege ikaruka mbele, ikamlenga yeye.

Kamba ikakazika mpaka ikalia. Mkia ukainuka, mabawa yakatetema, na lile pangaboi likasimama palepale likizunguka, shubiri moja kutoka kwenye mikono ya Tumwidike. Upepo wake ukamvua kilemba. Binti akarudi kinyumenyume, akaketi ndani ya beseni la pumba.

"Zima!" mama akapiga yowe. "Alatanga, zima!"

"Nazima, dada, nazima!" Na kumbe, rimoti mkononi, anabonyeza kitufe cha kugeuza mkia, na mkia unatikisika kulia na kushoto kana kwamba unamkatalia. Mwisho akaipata swichi. Kukawa kimya hata kuku walisikika wakihema.

Mama Tumwidike akaishika mikono ya binti yake, akaigeuza huku na huku. Kumi. Akahesabu tena. Kumi. Ndipo akaanza kucheka na machozi yakimtoka, na Tumwidike naye, pumba mpaka kwenye nyusi, akacheka hadi akashikwa na kwikwi.

"Klachi," Alatanga akasema, ameshika kichwa. "Dada, niliitoa klachi."

"Mimi hiyo klachi siijui," mama akasema. "Ninalojua ni hili: kabla hamjaamsha pua, fungeni mkia."

Baba Komba aliyabeba maneno hayo ukutani kama yalivyo. Mpaka jioni yalikuwa sokoni.

Siku ya sikukuu ndege ikapelekwa uwanjani, kamba ikafungwa kwenye nguzo ya goli bila mtu kubisha. Injini ikanguruma, ikapata moto, Tumwidike akasogea pembeni na rimoti mkononi. Ndege ikawa inavuta, inavuta.

"Mama!" binti akaita. "Aliyefunga ndiye afungue!"

Mama Tumwidike akapiga magoti nyuma ya mkia. Vidole vilishika fundo na havikutaka kuliachia. Akamtazama binti yake, amesimama mbali na pangaboi, anacheka, mzima. Akavuta ncha ya kamba.

Ndege ikakimbia juu ya nyasi, ikainuka, ikapita juu ya misitu, ikarudi na kuwamwagia watu maua, na vigelegele vilivyopigwa siku hiyo, cha kwanza kilitoka kwa yule mama mwoga.

Kwa hiyo wanangu, nanyi mna vyenu mnavyotaka kuviamsha: pikipiki, safari, ndoa. Mkinisikia naonya, msidhani nawakataza kuruka. Yule mama hakusema pua isiamshwe. Alisema kabla ya kuamsha pua, funga mkia.