Kaburi la Lubaba katika Bonde la Sidra

Waliotutangulia wamesimulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kuwa katika zama za mwanzo za Uislamu huko Maghribi aliishi mtu aliyeitwa Mundhiri bin Harithi, naye ndiye mlowezi wa kwanza wa Bonde la Sidra. Kabla yake hakuna mtu wa miji ya pwani aliyevuka milima ile mikavu akarudi kueleza kilichoko ng'ambo. Mundhiri alivuka, akarudi, akaeleza. Alikuwa na jicho la kuisoma nchi: akitazama rangi ya majani alijua maji yako mbali kiasi gani, na akiushika udongo alijua kama utatoa shayiri au utatoa miiba tu.

Alipokwenda kwa amiri kuliomba bonde lile, amiri alimuuliza swali ambalo sheria inataka liulizwe. Maana ardhi mfu, isiyo na mwenyewe, huwa ya yule anayeihuisha. Ama ardhi yenye mwenyewe, hata ikiachwa ikaota magugu, haiguswi ila kwa idhini yake. Amiri akataka kujua kama ameona athari yoyote ya watu. Mundhiri akajibu kwamba hakuona jivu, wala ukuta, wala mti uliopandwa kwa mkono, na akaapa juu ya hilo. Kiapo chake kilikuwa cha kweli kwa kadiri ya macho yake. Akapewa bonde, yeye na wale watakaomfuata.

Miongoni mwa waliomfuata alikuwamo mkewe, Lubaba, akiwa na binti yao mchanga, Safwana. Lubaba alikuwa na desturi moja iliyojulikana na wote: hatandiki msala mpaka aulize mahali pale ni pa nani, hata akiwa mgeni nyumbani kwa shangazi yake. Wanawake wenzake walimtania kwamba Lubaba akifika peponi atasimama kwanza mlangoni aulize. Yeye alicheka pamoja nao, na swala iliyofuata akauliza tena.

Siku waliyofika bondeni, ngamia wakiwa bado na mizigo mgongoni, alisimama na msala mkononi.

"Abu Safwana, mahali hapa ni pa nani?"

"Petu," akajibu Mundhiri. "Palikuwa pa Mungu peke yake, naye ametupa."

"Umeiuliza nchi habari za maji yake," akasema Lubaba, akiukung'uta msala vumbi la safari. "Habari za watu wake umeiuliza?"

Mundhiri akatabasamu, akamwapia kama alivyomwapia amiri. Lubaba akaridhika, akaswali.

Miaka ikapita na bonde likanawiri. Mizeituni ilishika, shayiri ikajaa maghalani, watoto wakazaliwa ambao hawakuijua nchi nyingine. Wasafiri walimwita Mundhiri baba wa Sidra, naye hakulikataa jina hilo. Kisha ikaja homa, ikamchukua Lubaba kabla ya mavuno. Aliusia jambo moja tu, azikwe kwenye kilima kidogo nyuma ya nyumba, karibu na mzeituni wa kwanza walioupanda.

Mundhiri alilichimba kaburi kwa mikono yake. Aliyeshuka naye shimoni ni Jandali, swahibu yake wa tangu ujana, aliyeuza nyumba yake ya pwani ili amfuate huku. Shimo lilipofika kina chake, Mundhiri akaanza kuukata mwanandani upande wa kibla, ile nafasi ya ubavuni anamolazwa maiti. Jembe likagonga jiwe. Akaondoa udongo kwa kiganja, na chini yake akaona mawe yaliyochongwa, yamepangwa kwa mviringo na kuzibwa kwa udongo wa mfinyanzi. Ulikuwa ni mdomo wa kisima. Juu ya jiwe la katikati palikuwa na alama, nusu mwezi uliokatwa kwa mstari. Alama hiyo aliijua, kwani alikwisha kuiona mapajani mwa ngamia wa watu wa milimani kwenye soko la chumvi, ng'ambo ya milima.

 Watu wa milimani, ukame unapowafukuza, hukifunika kisima chao kwa mawe na kukifukia kabisa, ili mnyama asikichafue wala mpita njia asikikaushe. Nao huondoka wakijua kuwa nchi ni yao na siku moja watarudi. Habari hiyo Mundhiri alikuwa ameisikia zamani. Lakini siku ile alipolipima bonde, alitafuta athari za watu juu ya ardhi peke yake.

Jandali naye alikuwa ameona. Akainama kama anayekusanya udongo, akasema kwa sauti ya chini, "Fukia. Aliyeona ni mimi na wewe."

Mundhiri akatazama juu, mahali lilipowekwa jeneza. "Kila siku aliniuliza," akasema. "Leo hawezi kuuliza. Ndiyo iwe siku ya kumdanganya?"

"Na wanangu watalala wapi, ndugu yangu?"

"Sijui," akasema Mundhiri.

Walipokwisha kumswalia, Mundhiri mwenyewe alisimama, kama ilivyo ada ya wafiwa, kuuliza kama yupo anayemdai marehemu. Hakuna aliyejitokeza. Ndipo akawaambia kwamba mwenye dai yuko, ila hayupo hapo, na dai lenyewe liko juu yake yeye, wala si juu ya mkewe. Akawaeleza alichokiona shimoni. Kwa kuwa maiti hangojeshwi, walimzika Lubaba kando ya pale, na Mundhiri akatamka mbele ya wote kwamba mwenye ardhi akija na kutaka kaburi liondolewe, litaondolewa.

Watu walikasirika, na walikuwa na sababu. Wengine waliacha kumwitikia salamu. Jandali alipita mbele ya nyumba yake akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba baba wa Sidra amewageuza wanawe mayatima angali hai.  Mundhiri alipeleka habari kwa amiri kwamba ushahidi wake wa zamani ulikuwa na upungufu, akamkabidhi Safwana, aliyekwisha kukua, nyumba, akapanda milima kwa mara nyingine. Safari ya kwanza alikuwa akitafuta nchi isiyo na mwenyewe; sasa alimtafuta mwenyewe.

Aliuliza kambi kwa kambi, akarudishwa, akapotezwa njia, akasubiri. Majira yalipogeuka, akafika kwenye mahema ya watu ambao ngamia wao walikuwa na alama ile. Mkuu wao alikuwa bibi mmoja mjane, jina lake Izza. Kisima kile alikuwa amekifukia marehemu mumewe.

Mundhiri, aliyejifunza lugha yao sokoni, alimweleza yote bila kujipamba. "Nimekaa katika nchi yenu kwa miaka," akasema, "na nimezika ndani yake bila ruhusa. Nimekuja kuomba ruhusa au kupokea amri."

Izza alimtazama. "Umechelewa kubisha hodi, mgeni," akasema. "Lakini umebisha."

Akashuka naye bondeni pamoja na vijana wake. Wakazi wa Sidra walitoka wakasimama milangoni, na Jandali alikuwa amewashika wanawe mikono. Izza hakuzitazama nyumba wala mashamba. Alikwenda moja kwa moja kilimani, akaamuru kisima kifunguliwe. Maji yalipopandishwa akayaonja, akafuta midomo kwa ncha ya shela. Kisha akaligeukia kaburi.

"Alikuwa mwanamke wa namna gani?"

Mundhiri alitaka kusema mengi, akasema moja. "Hakuwa akitandika msala mpaka aulize mahali ni pa nani."

Bibi yule akainama, akaweka kiganja juu ya udongo wa kaburi, kama mtu anayemgusa bega mwenzake.

"Basi leo ajibiwe," akasema. "Ni pangu. Na nimempa."

Na walio hai akawapa sharti ambalo kila mtu aliliweza: wabaki na walime, na mifugo ya watu wake ikishuka wakati wa kiangazi, inywe kisimani kabla ya mifugo yao. Jandali ndiye aliyejenga birika la kunyweshea, kwa mawe aliyoyachonga mwenyewe.

Mundhiri aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakuoa tena. Imepokewa kutoka kwa binti yake Safwana kwamba tangu siku ile, kila alipotaka kuswali, alisimama na msala mkononi akauliza mahali pale ni pa nani, hata akiwa ndani ya nyumba yake.

Mtu mwema akiondoka, aliyebaki hana uwezo wa kumrudisha. Anao uwezo wa kuishika tabia yake na kuendelea nayo, na ujira wake humfikia marehemu alipo. Ee Mola, warehemu waliotuuliza maswali mema, na utujaalie tuyajibu kwa ukweli hata wasipokuwapo kutusikia.