Koburungi na Mteremko wa Mawe

"Enyi mlioketi, niseme nisiseme?"

"Sema!"

"Nikisema mtasinzia?"

"Hatusinzii!"

Haya basi. Hapo kale, babu wa babu yangu hajaota hata jino, paliondokea mwanamke aitwaye Koburungi. Mumewe alifariki akamwachia mabinti watatu. Matanga hayajaanuliwa, shemeji yake Rwezahura akaja, akatwaa shamba lote la bondeni, akamwachia mteremko wa mawe. Mteremko gani huo! Ukipiga jembe, linalia ngaa! Ukipiga tena, ngaa!

Wazee wa ukoo wakakaa kikao. Rwezahura akasimama. "Mwanamke huyu atawalisha nini watoto wa ndugu yangu? Mawe? Watoto waje kwangu wachunge mbuzi, yeye arudi kwao."

Mkuu wa ukoo, Mzee Kagaruki, akafikiri, akasema: "Tumpe masika matatu. Yakiisha, tutakwenda kula kwake. Tukishiba, watoto ni wake na mteremko ni wake. Tukiondoka na njaa, Rwezahura achukue watoto."

Koburungi hakulia. Alikwenda kwao, mwendo wa siku nzima, mama yake akamng'olea machipukizi matatu ya mgomba. Akajitwika, akarudi.

Akachimba. Shimo likafika magotini, jembe likagonga jiwe. Akasema, "Basi, nipande." Mara fuko akatoa kichwa udongoni. Koburungi akainua jembe.

"Usiniue, mama!" Fuko akalia. "Niache hai, nami na wanangu hatutagusa mizizi yako. Tena nakwambia: hapo bado. Chimba!"

Koburungi akashusha jembe. Akang'oa jiwe, akachimba mpaka kiunoni.

"Fuko, hapa je?"

"Hapo bado. Chimba!"

Viganja vikatoka malengelenge, malengelenge yakapasuka. Akachimba mpaka kifuani.

"Fuko, hapa je?"

"Hapo ndipo. Sasa tia samadi."

"Sina ng'ombe, Fuko."

"Njia ya mtoni wanapita ng'ombe wa kijiji kizima. Samadi ya njiani ni ya nani?"

Akachimba mashimo mengine mawili kama hilo, akaokota samadi njiani, akajaza yote matatu, akapanda.

Mgomba wa kwanza uliliwa na mbuzi wa Rwezahura. Koburungi alipokwenda kulalamika, Rwezahura akacheka: "Mbuzi hajui mpaka, shemeji." Koburungi akarudi kwake, akajenga ua wa miiba. Mgomba wa pili ulikaushwa na kiangazi. Ukabaki mmoja. Akautandazia nyasi kavu shinani, akauchotea maji asubuhi, akauchotea adhuhuri, akauchotea jioni, huku akiimba:

*Kunywa, mgomba, kunywa,*
*Kiu yangu nitaivumilia.*
*Shika ardhi, usiiache,*
*Nami sikuachi.*

Kiangazi kikawa kikali. Chakula kikaisha ndani. Tumbili akaja, akakaa juu ya ua.

"Koburungi, wanao wanalia. Chimbua tunguu la mgomba, lipike, mle."

"Leo tutakula. Kesho je?"

Siku ya pili Tumbili akarudi. "Koburungi, wanao wanalia. Chimbua, pika, mle."

"Leo tutakula. Kesho je?"

Siku ya tatu Tumbili akarudi. "Koburungi, yule mdogo halii tena. Amelala tu."

Koburungi akaingia ndani mbio. Kweli, mtoto amelala, midomo imekauka, macho yanamtazama mama yake tu. Akatoka na jembe. Akasimama mbele ya mgomba. Akaliinua jembe. Tumbili akanyoosha shingo.

Kisha Koburungi akaliweka begani, akaenda kitongoji cha pili, akalima shamba la watu mpaka jua likamchoma mgongo, akalipwa kibaba cha muhogo mkavu. Akatwanga, akapika uji, akamnywesha mtoto kijiko kwa kijiko. Kesho yake akaenda tena. Na keshokutwa tena. Tumbili akachoka kungoja, akaenda zake.

Mvua ikanyesha. Mgomba ukatoa machipukizi saba. Fuko akasema: "Shinani acha mgomba mama, chipukizi binti na chipukizi mjukuu. Mengine matano yahamishe." Koburungi akachimba mashimo mengine matano, yote ya kifuani. Masika ya pili, machipukizi yale nayo yakazaa machipukizi. Masika ya tatu, mikungu ikaning'inia. Upepo ulipovuma haukuangusha hata mmoja, kwa kuwa kila mgomba uliozaa alikuwa ameuegemeza kwa mti wenye panda.

Wazee wakaja. Koburungi akapika ndizi kwa maharage. Wakala, wakaongezewa, wakaongezewa tena. Mzee Kagaruki akalegeza mshipi.

Rwezahura, mdomo umejaa, akasema: "Kumbe ardhi hii ni nzuri! Ilikuwa ya ndugu yangu. Nitaitwaa mimi."

Koburungi akaweka chungu chini.

"Shemeji, juu yangu kuna mteremko mwingine, mawe yake hayajaguswa. Ukiutaka, machipukizi nitakupa. Jembe nitakuazima."

Wazee wakacheka mpaka wakakohoa. Mzee Kagaruki akagonga fimbo chini. "Tulisema tukishiba. Mimi nimeshiba. Watoto ni wake, mteremko ni wake. Asiguswe!"

Tangu hapo, mikungu iliyozidi aliibadilisha kwa chumvi, kwa nguo, kwa mbuzi, hata akapata ng'ombe. Wanawake wenye mashamba ya mawe wakaja kuomba machipukizi, akawapa, akaenda kuchimba pamoja nao. Mwaka wa tano, kilima kizima kilikuwa kijani. Rwezahura alikuja wa mwisho, macho chini. Naye akapewa.

Basi, wasikilizaji wangu, funzo ni hili: mwenye kidogo asikile chote leo, na asiache kuchimba kwa sababu amegonga jiwe.

Ngano yangu imefika mlangoni. Anayeitaka aingie nayo ndani, asiyeitaka aiache kizingitini. Mimi mwenyewe nilipita kwa Koburungi. Nikapewa sahani ya ndizi, nikala. Nikaomba ya pili, nikala. Nilipoomba ya tatu nikakabidhiwa jembe. Ndiyo maana mnaniona niko hapa.