Baba Aliyeulizwa Habari za Mwanawe

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Yemeni alikuwako mjane mchamungu, Bibi Rayta, mwenye binti mmoja tu, Atika. Akaja mposaji, jina lake Jubairi, muuza ngozi, mwenye alama ya sijda kwenye paji la uso. Bibi Rayta hakuwa na mume wala kaka wa kumfanyia uchunguzi, basi alijitanda ushungi akaenda kuuliza mwenyewe, mlango kwa mlango.

Kila alipofika aliuliza jambo moja: huyu kijana akighadhibika nyumbani, huwaje?

Imamu akamjibu kwamba Jubairi hajapata kukosa safu ya kwanza. Muuza tende akasema mizani ya Jubairi haina hila. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, naye ndiye aniudhiye kuliko wote, akasema kijana anasoma Kurani kwa sauti nzuri mno. Subhanallah, mama wa watu kauliza habari za hasira, anajibiwa habari za sauti! Na wote watatu walijua kwamba Lubna, mke wa kwanza wa Jubairi, alirudi kwao na mkono uliovunjika mahali pawili. Mji mzima ulikubaliana kwamba aliteleza kisimani. Ukiwabana, wangekwambia wanamsitiri Muislamu mwenzao. Ni sitara gani hiyo, imfunikayo mpigaji ikamwacha mpigwaji wazi?

Mlango wa mwisho ulikuwa wa Mzee Wahbi, baba yake Jubairi, fundi wa matandiko ya ngamia. Alikuwa mtu wa ibada, afungaye kila Jumatatu na Alhamisi, na hakuwa na mtoto mwingine wa kiume. Alikuwa akimwomba Mola wake amwonyeshe mjukuu kabla ya kufa. Alipoulizwa swali lile alijua kwamba neno moja lake lingeivunja posa.

"Mama, usimpe binti yako," akasema. "Mwanangu anapiga."

Bibi Rayta akamshukuru. Kisha akauliza kama mama yake Lubna naye alikuja kuuliza, kabla ya ndoa ile.

"Alikuja. Alikaa papo hapo ulipokaa."

"Nawe ulikuwa ukijua?"

"Nilikuwa nimekwisha mwona akimpiga dada yake kwa mpini. Nikasema ataacha akioa."

"Ukamjibu nini mama wa watu?"

"Nilimwambia mwanangu ni mtu wa swala."

Mzee akalia. Bibi Rayta hakumbembeleza. Alimwambia tu kwamba machozi yale asimlilie yeye, ayapeleke kwa Lubna, kisha akaenda zake na posa akaikataa.

Siku ile ile Mzee Wahbi alikwenda kwa kina Lubna, akakiri mbele ya wote alilolificha. Hawakumsamehe, naye hakuwaharakisha. Aliporudi, wenzake wa msikitini walikuwa wamekwisha pata habari. Wakamlaumu kwa kumfedhehesha mwanawe. Walionyamaza miaka yote mkono wa mwanamke ulipovunjwa, siku hiyo ndimi zao zilikuwa nyepesi ajabu. Jubairi naye aliapa kutompa baba yake salamu hadi kaburini.

"Ukifunika shimo kwa jamvi, hujamsitiri mtu," mzee akawajibu. "Umemtegea apitaye."

Tangu hapo kila mzazi aliyemjia kuuliza alijibiwa kweli, na Jubairi akakaa bila mke. Kama alitubu, wasimulizi hawakusema, nami sitawatungia. Atika aliolewa na mfinyanzi aliyekuwa akichelewa safu ya kwanza mara kwa mara, akazeeka na mikono yake miwili mizima.

Ndugu zangu wanaume, tunapenda kusema mambo haya ni makubwa, sisi hatuna la kufanya. Nimechoka kulisikia neno hilo. Bibi Rayta hakumwomba mtu ashike upanga. Aliuliza swali moja, mchana kweupe, kwa adabu. Wanaume wanne walilijua jibu. Aliyelitoa ni mmoja, naye kwa Lubna alikuwa amekwisha kuchelewa.